Njia za Mkato kwenye Eneokazi: Kufungua Programu kwa Haraka

Marudio ya Elimu ya Kompyuta, Kidato cha Nne

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
1. kueleza maana ya njia ya mkato na kuitofautisha na programu au faili lenyewe;
2. kutengeneza njia ya mkato kwa namna tatu;
3. kuipa njia ya mkato vitufe vya kuifungulia;
4. kueleza kinachotokea njia ya mkato inapofutwa, kunakiliwa au kuhamishwa;
5. kutambua kirusi kinachojificha ndani ya njia za mkato na kuokoa kazi yako.

Watahiniwa wengi huiona mada hii kuwa nyepesi, wakaipita haraka. Ugumu wake uko kwenye lengo la nne. Ukilikosea hilo kwenye karatasi ya maswali, utapoteza alama chache. Ukilikosea kwenye kompyuta, unaweza kupoteza kazi ya mwezi mzima.

1. Maneno muhimu

*Eneokazi* ni sehemu unayoiona kwenye skrini kompyuta inapomaliza kuwaka, kabla hujafungua kitu chochote. Wengi huiita deskitopu.

*Aikoni* ni picha ndogo inayowakilisha programu, faili, folda au kifaa.

*Kubofya* ni kubonyeza kitufe cha kipanya, yaani mausi. Kubofya mara mbili ni kubonyeza kitufe cha kushoto mara mbili kwa haraka. Kubofya kulia ni kubonyeza kitufe cha kulia, na kwa kawaida kitendo hicho hufungua menyu.

*Upau wa kazi* ni ule mstari mpana ulio chini ya skrini, unaoonyesha programu zilizofunguliwa.

Maneno haya yamefanyiwa kazi na Watanzania pia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice. Baadaye Microsoft nayo ilitoa Windows na Office zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, kompyuta nyingi za shuleni bado zina menyu za Kiingereza. Kwa sababu hiyo, amri katika mada hii zimeandikwa kama utakavyoziona kwenye skrini.

2. Njia ya mkato ni nini?

Mkazi wa Mtanda, mjini Lindi, anayetaka kwenda Kitunda ng'ambo ya ghuba anaweza kuizunguka ghuba kwa nchi kavu, safari ndefu. Anaweza pia kushuka gatini, akapanda kivuko na kuvuka maji. Kivuko hakibadilishi mahali Kitunda ilipo. Kinafupisha tu njia ya kufika.

Njia ya mkato kwenye kompyuta hufanya kazi hiyohiyo. Programu yenyewe imehifadhiwa ndani ya diski kuu, mara nyingi katika folda zilizo ndani ya folda nyingine. Kwenye Windows, kwa mfano, programu nyingi hukaa katika folda iitwayo "Program Files" kwenye diski C. Kuifuata huko kila siku kunachosha. Njia ya mkato ni faili dogo sana, kwa kawaida la kilobaiti chache, lililobeba anwani ya mahali programu ilipo. Ukilibofya mara mbili, kompyuta husoma anwani hiyo na kufungua kilichopo huko.

Fasili ya kukariri: Njia ya mkato ni faili dogo linaloelekeza kompyuta mahali ilipo programu, folda au faili jingine, ili mtumiaji akifungue kitu hicho bila kupita hatua zote za kawaida.

Katika Windows faili hili lina kiambishi tamati *.lnk*, ingawa kwa kawaida kompyuta haikionyeshi.

3. Historia kwa ufupi

Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilianza kuuza kompyuta iitwayo Xerox Star. Skrini yake ilifananishwa na meza ya ofisi yenye aikoni za hati na makabrasha. Mwaka 1984 Apple ilitoa Macintosh, iliyowafikishia watu wengi zaidi wazo hilo. Mwaka 1991 Apple ilitoa mfumo wa System 7, ambamo mtumiaji aliweza kutengeneza aikoni inayoelekeza kwenye faili lililo mahali pengine. Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft ilitoa Windows 95, iliyokuja na njia za mkato, upau wa kazi na kitufe cha kuanzia. Kompyuta unayotumia leo inaendeleza mpangilio huo.

4. Namna ya kuitambua

Tazama kona ya chini kushoto ya aikoni. Ukiona mshale mdogo, hiyo ni njia ya mkato. Usipouona mshale, kwa kawaida unatazama kitu chenyewe: faili halisi au folda halisi iliyohifadhiwa juu ya eneokazi.

Tofauti hii ni ya msingi. Aikoni mbili zinaweza kukaa jirani, zote zina picha ya Word, moja ina mshale na nyingine haina. Ya kwanza ukiifuta umefuta kielekezi tu. Ya pili ukiifuta umefuta kazi yako.

5. Namna tatu za kutengeneza njia ya mkato

Namna ya kwanza: kutuma kwenye eneokazi
1. Fungua folda yenye faili au programu unayoitaka.
2. Bofya kulia juu ya aikoni yake.
3. Chagua "Send to". Kwenye Windows 11, bofya kwanza "Show more options".
4. Chagua "Desktop". Njia ya mkato itatokea kwenye eneokazi.

Kama hujui programu imehifadhiwa wapi, ibofye kulia kwenye menyu ya kuanzia, kisha chagua "Open file location". Amri hiyo inaweza kuwa ndani ya "More". Kompyuta itakufungulia folda, nawe utaendelea na hatua ya pili.

Namna ya pili: kuanzia kwenye eneokazi
1. Bofya kulia mahali patupu kwenye eneokazi.
2. Chagua "New", kisha "Shortcut".
3. Bofya "Browse" na utafute programu au faili unalolitaka, halafu bofya "Next".
4. Andika jina, kisha bofya "Finish".

Namna ya tatu: kuburuta
1. Punguza ukubwa wa dirisha la folda ili eneokazi lionekane pembeni.
2. Shikilia kitufe cha Alt.
3. Buruta aikoni hadi kwenye eneokazi, kisha achia kitufe cha kipanya kabla ya kuachia Alt.

Ukisahau kushikilia Alt, faili litahamishwa au litanakiliwa badala ya kutengenezewa njia ya mkato. Baada ya kuburuta, hakikisha unaona mshale.

6. Kuipa njia ya mkato vitufe vyake

Unaweza kufungua programu bila kugusa kipanya.
1. Bofya kulia juu ya njia ya mkato iliyo kwenye eneokazi.
2. Chagua "Properties".
3. Bofya ndani ya kisanduku cha "Shortcut key".
4. Bonyeza herufi moja, kwa mfano W. Windows yenyewe itaandika Ctrl + Alt + W.
5. Bofya "Apply", kisha "OK".

Tangu hapo, ukibonyeza Ctrl, Alt na W kwa pamoja, programu itafunguka. Vitufe hivi hufanya kazi njia ya mkato ikiwa kwenye eneokazi au kwenye menyu ya kuanzia. Ukiificha katika folda nyingine, usivitegemee.

Usichanganye: Ctrl + C ya kunakili na Ctrl + P ya kuchapa ni vitufe vya mkato vya kutoa amri ndani ya programu. Njia ya mkato kwenye eneokazi ni faili lenye aikoni. Swali likiuliza habari ya eneokazi, mtahiniwa anayeorodhesha Ctrl + C, Ctrl + V na Ctrl + X hajalijibu swali.

7. Njia nyingine za kufungua programu haraka

- Upau wa kazi. Bofya kulia juu ya programu na uchague "Pin to taskbar". Itabaki pale daima. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na 1, programu ya kwanza kwenye upau itafunguka. Ukibonyeza na 2, itafunguka ya pili.
- Kutafuta kwa jina. Bonyeza kitufe cha Windows, andika herufi za mwanzo za jina la programu, kisha bonyeza Enter.
- Kisanduku cha amri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika jina fupi la programu, kisha bonyeza Enter. Majina ya kukumbuka ni *winword* kwa Word, *excel* kwa Excel, *powerpnt* kwa PowerPoint, *mspaint* kwa Paint, *notepad* kwa Notepad na *calc* kwa kikokotoo.
- Kurudi kwenye eneokazi. Madirisha yakiwa mengi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na D. Eneokazi litaonekana mara moja.

Katika mtihani wa vitendo unaweza kukuta kompyuta ambayo eneokazi lake halina hata aikoni moja ya programu unayoihitaji. Usiinue mkono kusema programu haipo. Itafute kwa jina kwanza. Aliyezoea kubofya aikoni pekee hukwama hapo, ilhali programu imo.

8. Je, njia ya mkato huongeza kasi ya kompyuta?

Hapana. Hili ni kosa linalojirudia sana.

Muda wa kufungua programu una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni muda wako wewe: kutafuta, kufungua folda na kubofya. Sehemu ya pili ni muda wa kompyuta: kuisoma programu kutoka kwenye diski na kuipakia kwenye memori. Njia ya mkato hupunguza sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili hutegemea prosesa, ukubwa wa memori na aina ya diski. Kompyuta yenye memori ndogo itafungua programu polepole hata ukiijaza eneokazi lote kwa njia za mkato.

Mfano wa hesabu. Tuseme mhudumu wa steshenari moja Mtanda hupiga chapa barua za wateja, fomu za shule na orodha za wakulima wa ufuta na korosho. Akipitia kwenye folda, hutumia sekunde 20 kufikia programu. Akitumia njia ya mkato, hutumia sekunde 5. Hufungua programu mara 40 kwa siku, na hufanya kazi siku 6 kwa wiki.

Muda anaookoa kila mara: 20 − 5 = sekunde 15
Kwa siku: 15 × 40 = sekunde 600, yaani dakika 10
Kwa wiki: 10 × 6 = dakika 60

Saa nzima kila wiki, na kompyuta yake haijabadilishwa chochote.

9. Kufuta, kubadili jina, kuhamisha na kunakili

Soma sehemu hii mara mbili.

Ukifuta njia ya mkato, programu au faili lenyewe hubaki salama. Kivuko kikiondolewa, Kitunda haizami. Kuiondoa programu yenyewe ni kazi nyingine, nayo hufanywa kwa amri ya "Uninstall".

Ukibadili jina la njia ya mkato, jina la faili lenyewe halibadiliki.

Ukifungua faili kupitia njia ya mkato, ukaliandika na kulihifadhi, mabadiliko yanaingia kwenye faili lenyewe. Hakuna nakala mbili. Faili ni moja, lenye milango miwili.

Ukihamisha au kufuta faili lenyewe, njia ya mkato inaweza kubaki ikielekeza mahali patupu. Kitunda haihami, lakini mafaili huhama. Windows hujaribu kulitafuta. Ikishindwa, hutoa ujumbe kwamba kitu hicho kimehamishwa, kimebadilishwa jina au kimefutwa. Hapo futa njia hiyo ya mkato na utengeneze nyingine.

Ukinakili njia ya mkato kwenye flashi, umebeba anwani bila kubeba kitu. Fikiria mwanafunzi aliyeandika kazi ya mradi juu ya magofu ya Kilwa Kisiwani, kurasa 15 zenye picha. Faili liko katika folda ya nyaraka kwenye kompyuta ya shule, na njia yake ya mkato iko kwenye eneokazi. Jioni ananakili aikoni ya eneokazi kwenye flashi na kwenda kuchapisha. Kwenye kompyuta ya steshenari anabofya mara mbili, na faili halifunguki. Kompyuta inalitafuta katika diski ya steshenari, ambako halijawahi kuwapo. Shule imefungwa, na kazi inatakiwa asubuhi.

Ili yasikukute, fanya mambo matatu kabla ya kuchomoa flashi:
1. Tazama kama aikoni iliyo ndani ya flashi ina mshale.
2. Tazama ukubwa wa faili. Hati yenye picha nyingi haiwezi kuwa na kilobaiti 2.
3. Lifungue faili hilo kutoka ndani ya flashi kwenye kompyuta nyingine, kama ipo karibu.

10. Kirusi cha njia za mkato

Kuna virusi vinavyosambaa kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, hasa mahali ambapo watu wengi hutumia kompyuta moja. Kirusi kikiingia kwenye flashi huyaficha mafaili na folda zako, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya mojawapo, kirusi kinaanza kufanya kazi na kuingia kwenye kompyuta.

Hatari hii imewahi kuukumba ulimwengu mzima. Mwaka 2010 iligunduliwa programu haribifu iitwayo Stuxnet. Ilitumia udhaifu uliokuwa katika namna Windows ilivyosoma aikoni za njia za mkato. Mtumiaji hakuhitaji hata kubofya. Kufungua folda na kuziona aikoni kulitosha. Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu huo Agosti 2010. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kusasisha mfumo wa kompyuta mara kwa mara.

Dalili: folda zote kwenye flashi zina mshale, nafasi ya flashi imejaa lakini mafaili hayaonekani.

La kufanya:
1. Usibofye njia hizo za mkato, na usiifomati flashi. Mafaili yako kwa kawaida bado yamo, yamefichwa tu.
2. Ichunguze flashi kwa programu ya kuzuia virusi.
3. Fungua kisanduku cha amri kwa kitufe cha Windows pamoja na R, andika *cmd*, bonyeza Enter.
4. Andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza Enter. Badala ya E weka herufi ya flashi yako.
5. Mafaili yakionekana, yanakili mahali salama, kisha futa njia za mkato za uongo.

Wengi hukimbilia kuifomati flashi kwa hofu, wakapoteza kwa mikono yao kile ambacho kirusi kilikuwa kimekificha tu.

11. Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

- Kuandika kuwa njia ya mkato ni "nakala ya programu". Ni kielekezi.
- Kuandika kuwa "huifanya kompyuta iwe na kasi". Humfupishia mtumiaji hatua.
- Kutaja hatua bila mpangilio. Swali la vitendo linataka hatua kwa namba.
- Kutoa faida bila kueleza. "Huokoa muda" peke yake haitoshi. Eleza kwa vipi.

12. Maswali ya marudio

1. Toa tofauti tatu kati ya njia ya mkato na programu yenyewe.
2. Mwanafunzi amefuta aikoni ya Excel yenye mshale kwenye eneokazi, akaogopa kuwa ameiondoa programu. Mweleze hali halisi na umpe njia mbili za kuifungua Excel.
3. Njia ya mkato ina kilobaiti 2, na video inayoelekezewa ina megabaiti 700. Mwalimu amenakili njia ya mkato kwenye flashi. Je, video itafunguka kwenye kompyuta nyingine? Toa sababu.
4. Karani hutumia sekunde 24 kufikia programu kupitia folda na sekunde 6 kwa njia ya mkato. Akiifungua mara 50 kwa siku, anaokoa dakika ngapi?

Majibu

1. (i) Njia ya mkato ina anwani tu, programu ina maelekezo ya kufanya kazi. (ii) Njia ya mkato ina ukubwa mdogo sana, programu kwa kawaida ni kubwa zaidi. (iii) Njia ya mkato ikifutwa programu hubaki. Programu ikiondolewa, njia ya mkato haina cha kufungua.

2. Mshale unaonyesha kuwa aliyoifuta ni njia ya mkato, hivyo Excel bado imo. Anaweza kubonyeza kitufe cha Windows, kuandika jina la Excel na kubonyeza Enter. Au kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika *excel* na kubonyeza Enter. Anaweza pia kuirudisha aikoni kutoka kwenye "Recycle Bin".

3. Haitafunguka. Kilichonakiliwa ni anwani ya video, na video yenyewe imebaki kwenye kompyuta ya kwanza.

4. 24 − 6 = sekunde 18. 18 × 50 = sekunde 900. 900 ÷ 60 = dakika 15.

Zoezi la vitendo: Tengeneza folda iitwayo "Marudio" ndani ya folda ya nyaraka. Itengenezee njia ya mkato kwenye eneokazi. Hifadhi hati moja ndani ya folda kupitia njia hiyo ya mkato, kisha ifute njia ya mkato. Ifungue folda ya nyaraka na uthibitishe kuwa hati bado imo. Ukilifanya zoezi hili mara moja kwa mikono yako, hutalisahau lengo la nne.